Maswali ya Wasomaji: Anaongea vizuri, akishika penseli ananyamaza

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, kuandika. Walimu wameandika, wazazi wameandika, mpaka dada mmoja anayemfundisha mdogo wake nyumbani naye ameandika. Nimechagua chache ambazo naona zinabeba na za wengine, na ile ya kwanza ntaijibu kwa urefu kwa sababu ndo mzizi wa hizo zingine. Wote mlioniamkia, marahaba sana.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha darasa la 3, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Kila Ijumaa nawapa watoto insha, naandika kichwa ubaoni labda "Likizo yangu" au "Rafiki yangu" alafu nawaambia haya andikeni. Basi mwalimu, nusu saa nzima wengine wanaangalia dari, wengine wananakili kwa jirani, na wale wanaoandika wanaandika mistari miwili tu, "Likizo yangu ilikuwa nzuri. Nilifurahi sana." Mwisho. Lakini watoto haohao wakati wa mapumziko wanaongea mpaka unaziba masikio! Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na asante kwa kuitaja hiyo ya mapumziko manake jibu liko humohumo. Hebu waangalie siku moja wakiwa wanasimuliana. Mmoja anaanza, mwenzake anadakia "we! ikawaje?", mwingine anakunja uso haamini, basi msimuliaji anaongeza maelezo, anarudi nyuma, anaonyesha kwa mikono jinsi mtu alivyoanguka. Yaani hadithi ile haijisimulii yenyewe, inavutwa na wanaomsikiliza msimuliaji. Sasa we unampa karatasi. Karatasi haiulizi ikawaje. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliliona hili mapema sana, kwamba maandishi ni mazungumzo ambayo msikilizaji wake hayupo, na mtoto inabidi amuumbe msikilizaji huyo kichwani mwake, na hiyo si kazi ndogo kwa mtu wa miaka 8.

Alafu juu ya hapo kuna mkono. Mimi na wewe tukiandika neno "ghafla" hatufikirii lolote, mkono unakwenda wenyewe. Mtoto anafikiria. Hii g inaanzia wapi, mkia unakunja upande gani, kuna h au hakuna, imepanda juu ya mstari au imeshuka, na wakati anahangaika na hayo yote ile sentensi aliyokuwa nayo kichwani imeshapotea. Akili inaweza kushika vitu vichache tu kwa wakati mmoja, ni hivyo kwa kila binadamu, na kwa mtoto nafasi ni finyu zaidi. Kwa hiyo anafanya jambo la busara kabisa, anaandika kifupi na anaandika kile anachokiweza. "Nilifurahi sana." Huyo si mvivu, huyo amebebeshwa mizigo mitatu minne kwa mpigo, mkono, tahajia, wazo, mpangilio, na amechagua kuutua ule ambao haupigiwi kelele, yaani wazo. Kazi yako sasa ni kuipunguza mizigo mingine ili wazo lipate pa kukaa.

Anza na mada. "Likizo yangu" ni kubwa mno, mtu mzima mwenyewe ukimwambia aandike likizo yake atakuna kichwa. Ipunguze mpaka iwe kitu cha dakika tano za maisha. Mada ambayo haijawahi kuniangusha ni kovu. Nawauliza, nani ana kovu? Wee, darasa zima linainuka, huyu anapandisha suruali aonyeshe goti, yule kiwiko, mwingine anasema langu liko kichwani mwalimu shika hapa. Kila mtoto ana kovu, kila kovu lina siku yake, na siku hiyo ina mwanzo na kati na mwisho bila we kuwafundisha neno "muundo wa insha". Zingine ni kama kitu nilichokivunja, siku niliyopotea, kitu ninachokiogopa usiku, mara ya kwanza kufanya jambo fulani peke yangu.

Kabla ya penseli, midomo. Wape dakika tano wawili wawili, mmoja asimulie na mwenzake awe na kazi ya kuuliza maswali mawili, si moja. Hii usiiruke hata kama mwalimu wa darasa la jirani atalalamika kuna kelele. Alafu kila mtu aseme kwa sauti sentensi yake ya KWANZA tu, aihesabu maneno kwa vidole, ndo aiandike. Utashangaa. Ile kuanza ndo kunawaua, sentensi ya kwanza ikishakaa kwenye karatasi, ya pili inajileta. Kwa wale wadogo zaidi au wanaosita, wachore kwanza, mchoro unamtunzia wazo lisikimbie wakati mkono unahangaika na herufi, na akisahau anarudi kuangalia.

Kisha, na hapa walimu wengi hatufanyi, andika wewe mbele yao. Simaanishi uwaandikie mfano mzuri umeuandaa nyumbani, hapana, simama ubaoni uandike papo kwa papo huku unafikiri kwa sauti. "Nina kovu kwenye... ah, hapana, ntaanza na siku yenyewe. Siku ile nilikuwa nakimbia. Nakimbia wapi? Msomaji hajui. Nilikuwa nakimbia kumkwepa kaka yangu." Futa, ongeza, rudia, wasome tena pamoja nawe. Watoto wengi wanaamini mtu mzima anaandika moja kwa moja bila kufuta, kwa hiyo wao wakikosea wanajiona hawana kipaji. Dakika saba za namna hiyo zinafundisha kuliko maelezo ya kipindi kizima. Ukimaliza ufute ubao, usije ukakuta madaftari 50 yote yana kaka anayekimbiza mtu.

Kuna kitu kimoja cha lugha yetu ambacho nakuomba ukifundishe mapema, ni ile -ka-. Watoto wakiandika visa wanaandika "Nilitoka alafu nilifunga mlango alafu nilikimbia alafu nilianguka", alafu alafu alafu mpaka chini ya ukurasa. Waonyeshe kwamba ukishaweka -li- mara moja mwanzoni, yanayofuata yanaweza kushikwa na -ka-, "Nilitoka, nikafunga mlango, nikakimbia, nikaanguka." Wasomee zote mbili kwa sauti. Hawahitaji jina la hiyo njeo, masikio yao yanaijua tayari kwa sababu ndivyo wanavyosimuliwa hadithi, ni mkono tu haujaambiwa kwamba inaruhusiwa kwenye daftari.

Na mwisho wa yote kuwe na msomaji ambaye si wewe. Huko Ufaransa mwaka 1924 mwalimu mmoja wa shule ya kijijini, Célestin Freinet, aliingiza mashine ndogo ya kuchapa ndani ya darasa. Watoto walikuwa wanaandika visa vyao wenyewe, wanachagua cha kuchapwa, wanapanga herufi za chuma moja moja kwa mikono yao, alafu baadaye wakawa wanabadilishana machapisho na watoto wa shule nyingine ya mbali. Fikiria mtoto anayejua kwamba mwenzake asiyemjua kabisa atasoma habari zake, huyo huna haja ya kumwambia andika vizuri, atauliza mwenyewe neno hili linaandikwaje. Mashine si lazima. Karatasi zikishonwa kwa uzi zikawa kitabu cha darasa kinachokaa pale kwenye kona ya kusomea, wiki hii "Makovu Yetu", inatosha. Nimeona watoto wanapigania kukishika.

SWALI: Mwalimu salaam. Mimi nina wanafunzi 70 darasani. Nikitoa insha nabeba madaftari mpaka mgongo unauma, nasahihisha kila kosa kwa kalamu nyekundu mpaka usiku wa manane, nikirudisha wanaangalia maksi tu wanafunga daftari. Wiki ijayo makosa yaleyale. Kuna njia nyingine au ndo kazi yenyewe ilivyo?

JIBU: Pole sana mwalimu mwenzangu. Ipo njia nyingine, na ya kwanza ni kuacha kusahihisha kila kosa. Najua hapo utashtuka, mkuu wa shule ataonaje, wazazi watasemaje, lakini nisikilize.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa kama wewe, daftari lisipojaa wekundu naona sijafanya kazi. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, msimuliaji mzuri ajabu. Asubuhi moja alikuwa anawasimulia wenzake jinsi mvua ilivyoshuka usiku, maji yalivyokuwa yananguruma, yanabiringisha mawe, yanabisha mlango kama mtu. Nikamwambia hiyo hiyo kaiandike. Akaandika, "Mvua ilinyesha. Maji yalikuja. Maji yalikuwa mengi." Nikamuuliza na kunguruma je, na kubisha mlango? Akanijibu taratibu tu, "Hayo mwalimu siyajui kuyaandika, utaniwekea nyekundu." Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa nikafungua daftari lake toka mwanzo wa mwaka na nikaona kabisa insha zake zilivyokuwa zinapungua, makosa yanapungua na maneno nayo yanapungua, na mimi nilikuwa nampa maksi za juu zaidi kila wiki. Kalamu yangu ilikuwa imemfundisha aandike maneno asiyoweza kuyakosea tu.

Toka siku ile nafanya hivi. Kabla hawajaanza nawaambia leo naangalia kitu KIMOJA, labda nukta na herufi kubwa, au leo naangalia kama umenionyesha mahali palivyokuwa. Nasahihisha hicho tu. Mengine nayaona, nayanukuu pembeni kwenye karatasi yangu, yale yanayojirudia kwa wengi yanakuwa somo la dakika kumi kesho yake, naandika sentensi mbili tatu ubaoni bila kusema ni za nani tunazitengeneza wote. Kila mtoto ana ukurasa wa nyuma wa daftari wenye maneno yake mwenyewe anayoyakosea, matano sita hivi si zaidi, na kabla ya kuleta kazi anaangalia hayo kwanza. Na chini ya kila insha naandika sentensi moja kama msomaji, siyo kama mwalimu. "Hapa uliposema mlango ulibishwa na maji mimi niliogopa." Moja tu, lakini ya kweli. Zile "vizuri", "jitahidi", mtoto hazimwambii kitu.

Kwa idadi yako 70 huwezi kusoma wote kila wiki na usijaribu. Gawa makundi matano, kila wiki kundi moja unalisoma kwa makini, waliobaki wanasomeana wenyewe wawili wawili kwa sauti. Kusoma kwa sauti ni mkaguzi mzuri kuliko sisi, mtoto akisoma alichoandika anajikwaa palepale penye neno lililoruka au nukta isiyokuwepo. Na wakati wanaandika usikae kwenye meza, zunguka, inama, soma mistari mitatu ya huyu, muulize swali moja, pita. Sentensi moja ya msaada wakati penseli bado iko mkononi inafanya kazi kuliko wekundu wote wa siku tatu baadaye akiwa ameshasahau hata alikuwa anataka kusema nini.

Na kuna ushahidi, siyo maneno yangu tu. Mwaka 2007 watafiti Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi za kufundisha uandishi kuanzia darasa la 4 kwenda juu, wakakuta kwamba kufundisha sarufi kivyake, mbali na uandishi wenyewe, hakukuwafanya wanafunzi waandike vizuri zaidi. Vilivyosaidia ni vitu kama kuwafundisha hatua za kupanga na kurekebisha, kufupisha walichosoma, kuandika wakishirikiana, na zoezi la kuunganisha sentensi. Hilo la mwisho nalipenda mno na halihitaji chochote zaidi ya chaki. Unaandika ubaoni, "Ilikuwa usiku. Mbwa alibweka. Mtoto aliamka. Mtoto alilia." Wafanye iwe moja. Mmoja atakuja na "Usiku mbwa alibweka mpaka mtoto akaamka akilia", mwingine "Mtoto aliyeamshwa na mbwa usiku alilia", na hapo unawauliza, kuna tofauti gani, ya kwanza inamwangalia nani na ya pili inamwangalia nani? Sarufi hiyo hapo, iko hai, na hakuna aliyekariri chochote.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Binti yangu ana miaka 6 anapenda sana kuandika, anaandika vikaratasi anabandika ukutani, lakini makosa ni mengi nashindwa nicheke au nilie. Tembo anaandika "tebo", kitanda "kitada". Mtu anaandika "mutu". Afu anakata maneno hovyo, "nina kupenda mama", mara nyingine anaunganisha, "kwasababu". Niwe namrekebisha au nimwache? Naogopa atazoea.

JIBU: Marahaba mama. Hongera, una mwandishi nyumbani, na hivyo vikaratasi usivitupe weka tarehe nyuma uhifadhi.

Ngoja nikuonyeshe kitu kuhusu hiyo "tebo" kwa sababu mimi inanifurahisha mpaka leo. Mwaka 1971 mtaalamu wa lugha wa Marekani aitwaye Charles Read alichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo ambao hawajafundishwa kuandika Kiingereza lakini walikuwa wanajiandikia tu. Kila mtu alikuwa anadhani wanabahatisha. Akakuta makosa yao yana utaratibu, na mmojawapo ni huohuo wa binti yako, sauti ya m au n ikikaa mbele ya konsonanti nyingine wao waliiruka. Mbona? Sema "tembo" polepole. Midomo inafunga kwa ajili ya m, na inaendelea kuwa imefunga hivyohivyo kwa ajili ya b, haijafunguka katikati. Kwa mdomo ni tendo moja. Kitanda vilevile, ulimi unagusa sehemu moja kwa n na d. Kwa hiyo binti yako hakukosa umakini, alisikiliza kwa umakini mno, akaandika alichokihisi. Mfanyie mchezo, aweke kidole kwenye pua aseme "tebo", kisha "tembo". Kwenye ile ya pili pua inatetemeka. Mwambie hiyo mtetemo ndo m, nayo inataka kiti chake kwenye mstari. "Mutu" nayo ni masikio mazuri, amesikia kwamba ile m ni silabi kamili, mpige makofi naye, m-tu, makofi mawili, ila hii m inasimama peke yake haitaki irabu ya kushikwa mkono.

Bahati yetu Kiswahili kinaandikwa karibu sana na kinavyotamkwa, kwa hiyo haya ya sauti yanakwisha haraka akiendelea kusoma vitabu. Yatakayobaki kusumbua ni machache, ng na ng', dh na z, th na s, gh na g, na ile h ambayo wengi tunaimeza tukiongea, na l na r kwa baadhi ya watoto. Hapo tatizo linaanzia mdomoni, kama kwenye mazungumzo ya kila siku anasikia "asira" atajuaje kwamba kuna h? Msomee kwa sauti, tamka wazi, basi.

La kukata maneno ni gumu zaidi na wala si la watoto peke yao, watu wazima wangapi wanaandika "ana kuja"? Kitenzi chetu ni kama gari la moshi, ninakupenda lina behewa la nani, la lini, la nani tena, na kichwa chenyewe, lakini ni gari moja. Jaribio ninalotumia ni hili, je, naweza kupenyeza neno katikati? Kati ya "mama" na "anakuja" naweza, "mama yangu anakuja", basi ni maneno mawili. Kati ya "nina" na "kupenda" kwenye ninakupenda, hakuna kinachopenya, basi usikate. Lakini "nina kitabu" linapenya, "nina hiki kitabu", acha nafasi. Kwa miaka 6 bado mapema kidogo, akifika 8 mtoto analifurahia kama fumbo.

Sasa umrekebishe au umwache? Vikaratasi vya ukutani mwache. Hivyo ni vya kwake, msome, umjibu kwa kikaratasi chako, na kwenye jibu lako liandike lile neno kwa usahihi bila kusema kitu. Ameandika "tebo mkubwa", nawe andika "Na mimi nampenda tembo mkubwa." Ataona. Kwenye kazi ya shule chagua neno moja au mawili mlitengeneze pamoja. Kuzoea makosa kunatokea kwa mtoto asiyesoma, siyo kwa mtoto anayeandika sana.

SWALI: Mwanafunzi wangu wa darasa la 1 anatumia mkono wa kushoto, mwenzangu ananiambia nimbadilishe mapema. Pia anageuza b na d.

JIBU: Usimbadilishe. Mkono anaouchagua unatoka ndani, kumlazimisha ni kumwongezea mzigo mwingine juu ya ile niliyoitaja. Msaidie hivi. Karatasi yake iinamishe upande wa kulia, ile kona ya juu kushoto iwe juu zaidi, ili asikunje kiwiko. Ashike penseli mbali kidogo na ncha ili aone anachoandika na mkono usipake maandishi. Kwenye dawati mkalishe upande wa kushoto wasigongane viwiko na jirani. Ni hayo tu.

Kugeuza b na d ni kawaida mpaka kama miaka 7 hivi, kwa wa kulia na wa kushoto. Toka azaliwe amejifunza kwamba kikombe kikigeukia kulia au kushoto bado ni kikombe, leo ndo mara ya kwanza anaambiwa kitu kikigeuka kinabadilika jina! Usizifundishe hizo mbili siku moja. Fundisha herufi kwa familia za mwendo wa mkono badala ya kufuata a b c, yaani c a d g o zinazoanza kwa kuzunguka, kisha n m h r b p zinazoshuka kwanza ndo zinapanda. Hapo b na d zinakuwa za nyumba mbili tofauti, moja mkono unashuka kwanza, nyingine unazunguka kwanza, na mkono unakumbuka kuliko macho. Dakika kumi kila siku, siyo saa nzima Jumatatu.

SWALI: Mwalimu, imla bado ina maana siku hizi? Wenzangu wanasema ni ya kizamani.

JIBU: Ina maana ikiwa fupi, sentensi mbili tatu zenye sauti mliyofundishana wiki hiyo, alafu wajisahihishe wenyewe palepale ukiandika ubaoni. Ila imla siyo somo la kuandika, ni somo la kusikia na tahajia. Darasa lenye imla na kunakili tu halijafundisha kuandika bado, kwa sababu wazo wakati wote limekuwa la mtu mwingine.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shuleni kwetu mtoto akipiga kelele adhabu yake ni kuandika "Sitapiga kelele darasani" mara 100. Mimi binafsi naona afadhali kuliko fimbo. Wewe unaonaje?

JIBU: Marahaba. Afadhali kuliko fimbo, ndio, sitabisha hapo, na najua umeuliza kwa nia njema. Lakini nakuomba uiache, na nikwambie kwa nini naumia nikisikia hii.

Tumetumia kurasa zote hizi kutafuta jinsi ya kumfanya mtoto aamini kwamba akiandika kuna mtu atamsikia. Sasa ukimpa mistari 100 unamwambia kinyume chake kwa vitendo. Hakuna atakayesoma, na yeye mwenyewe haandiki sentensi, muangalie vizuri utaona anashuka chini kwa nguzo, sita sita sita sita mpaka chini, kisha pigapigapiga, mkono unauma, herufi zinaharibika, ule mwandiko uliomfundisha miezi mitatu unaondoka jioni moja. Huko Marekani chama cha walimu wa Kiingereza, NCTE, mwaka 1984 kilipitisha kabisa azimio la kulaani kutumia kuandika kama adhabu, na sababu ni hiyohiyo, mtoto anaishia kuchukia kuandika.

Kama amepiga kelele na unataka penseli iingie kati, basi iingie kwa kazi yake halisi. Mpe karatasi moja, aandike nini kilitokea toka mwanzo, nani alisema nini, na yeye angependa ujue nini. Mwambie kabla hajaanza kwamba utaisoma. Kisha kaa naye uisome mbele yake mpaka mwisho, bila kalamu mkononi, na umjibu aliyoyaandika.